Kushindika na Kukomea

Azrou, 12 Oktoba

Kwa mjukuu wangu Itto,

Salamu nyingi. Kabla hujaniringia na ndege zako, ujue kwamba babu yako amewahi kurusha ndege. Mimi Haddou, niliyefukuzwa chuo cha Kurani kabla sijazimaliza herufi. Mwaka ule wa nzige, ndege ya kunyunyiza dawa ilitua kule bondeni, ikazama kwenye tope, na mimi nikairusha. Haya, sikuirusha. Niliisukuma itoke topeni. Na usimuulize Bassou dereva, maana naye alikuwepo, atakwambia kwamba waliosukuma ni wengine na mimi nilikuwa nimeshika koti la rubani. Lakini lilikuwa koti zito.

Nakuandikia kwa sababu simu yako hainifai. Nikiiweka kwenye sikio zima nasikia upepo, nikiiweka kwenye sikio bovu wewe ndiye unayekasirika. Bassou anateremka Casablanca na teksi yake, atakuletea barua hii pamoja na kopo la zeituni. Kopo lirudi. Bibi yako anayapenda makopo yake kuliko wajukuu.

Habari za hapa ni nyani. Bibi yako alikwenda hamamu, mimi nikatoka kuota jua, na wale mashetani wa msitu wa mierezi wakashuka. Walikula mikate yote, wakamwaga unga, na mmoja nilimkuta amekalia mto wa bibi yako kama kadhi anayesubiri kesi. Bibi yako akarudi, akasimama mlangoni.

"Haddou, uliushindika au uliukomea?"

"Niliufunga."

"Sikukuuliza kama uliufunga. Uliushindika, au uliukomea?"

Maisha yote ya ndoa swali ni hilo hilo. Nawe alikuuliza tangu hujaota meno. Basi niliushindika, niliurudisha tu bila komeo, na nyani akausukuma kwa kidole.

Sasa nijibu na wewe. Hapa mtaani nimewaambia watu kwamba unaunda ndege. Kinyozi akauliza, sehemu gani? Nikasema zote. Niandikie, nijue nadanganya kwa kiasi gani. Bibi yako hajui kusoma, mimi ndiye ninayemsomea, kwa hiyo andika mambo mazuri.

Na usisahau kile kioo cha Fes. Nani alikivunja kwa mpira, na nani alimwambia bibi yako kwamba ni yeye? Sidai leo. Nimeweka tu.

Babu yako,
Haddou


Casablanca, 20 Oktoba

Babu,

Zeituni zimefika, kopo narudisha. Bassou anasema hata koti la rubani hukulishika; lilikuwa limetundikwa kwenye bawa.

Mwambie kinyozi kwamba mimi siundi ndege. Naandika sentensi. Ndiyo, cheka. Ndege haianzi na bati, babu, inaanza na masharti. Kila kitu inachopaswa kufanya, mtu amekiandika kwanza: lazima gurudumu lishuke, lazima taa iwake, lazima kengele ilie. Neno "lazima" ndilo chakula chetu. Ukiandika "inafaa", mwenye kiwanda ana hiari ya kukipuuza. Ukiandika "lazima", hana pa kupita. Kisha chini ya kila sharti huandikwa jaribio la kuthibitisha kwamba limetimizwa. Mimi nimepewa masharti ya milango. Mwishoni mwa kitabu cha masharti hayo natia sahihi, maana yake nimesoma na nakubali kulaumiwa.

Na mwaka huu tumepata msaidizi. Ni programu ya akili mnemba, ile inayotunga maandishi. Unaipa masharti, inayasafisha, inatafuta yanayogongana, inaandika majaribio. Ofisini tumeipa jina la Fakihi, kama mwalimu wa chuo cha Kurani, kwa sababu kila unachomuuliza anacho cha kukuandikia. Usinune, babu, ni wa maana sana. Wiki ya kwanza tu alituonyesha masharti mawili yanayopingana, ambayo sote tulikuwa tumeyapita kwa miezi mingi bila kuona. Mimi ndiye niliyempigania aletwe. Bosi wetu, Bwana Sekkat, alikuwa hamtaki, sasa anamsifu kuliko mama yake. Amempa hata maagizo yake binafsi, jinsi ya kuandika Kifaransa cha watu waliosoma. Sekkat ni mtu wa Kifaransa kitamu. Ukimwambia mvua inanyesha, anairekebisha sentensi kabla ya kufungua mwavuli.

Nimechoka kidogo, kitabu cha milango kinakwenda haraka mno. Mbusu bibi.

Itto


Azrou, 2 Novemba

Mjukuu,

Nimemsomea bibi yako barua. Pale uliposema umechoka nilipita bila kusimama, maana ana moyo mwepesi, angetaka kupanda teksi na supu mkononi. Nilisema umenenepa. Amefurahi sana.

Kuhusu huyo Fakihi wenu, jina limenitia kichefuchefu. Wa kwetu chuoni naye alikuwa hakosi jibu. Tulimuuliza siku moja nzige ana mioyo mingapi. Mtu mzima mwenye haya angesema sijui. Yeye akasema minne, akamcharaza fimbo za nyayo aliyeuliza. Aliyeuliza ni mimi. Mpaka leo nikimwona nzige nyayo zinawasha. Basi niambie, huyo wenu akisema minne, nani anamcharaza?

Bibi yako ameuliza anakula nini. Nikamwambia umeme. Akasema afadhali, hatamaliza mkate.

Na hiyo habari kwamba unaandika sentensi, kinyozi hataipata kwangu. Nimekwisha mwambia umefunga injini zote mbili. Tafadhali usije ukaja huku ukaniharibia.

Haddou


Casablanca, 15 Novemba

Babu,

Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi, ndiyo maana naiweka kwako.

Katika masharti yangu kuna moja kuhusu mlango wa mizigo, ule mkubwa wa tumboni. Ndege ikipanda juu hujazwa hewa ndani ili watu wapumue. Hewa hiyo inasukuma mlango kutoka ndani kwa nguvu ambayo huwezi kuifikiria. Mlango ukiwa umerudishwa tu, makomeo hayajaingia, unang'oka na kuondoka na chochote kilicho karibu. Kwa hiyo mimi niliandika, kwa mkono wangu huu: lazima hewa izuiwe mpaka mlango uwe umekomewa. Niliandika "umekomewa" kila mahali. Wewe unajua nilijifunza wapi tofauti ya maneno hayo.

Jana nilikuwa napitia kitabu kilichokwisha kupitishwa, natafuta jambo jingine kabisa. Nikakuta: lazima hewa izuiwe mpaka mlango uwe umeshindikwa barabara.

Umeshindikwa, babu. Barabara!

Nikafungua kurasa nyingine. Hapa umekomewa, pale umeshindikwa, kwingine umerudishwa. Kama mshairi anayetafuta vina. Kwa Kifaransa ni maneno tofauti kabisa, kama yalivyo kwenye lugha ya bibi. Nikaenda kuyasoma maagizo aliyopewa Fakihi. Yapo, kwa mkono wa Sekkat: epuka kurudia neno lile lile katika ukurasa mmoja, tumia visawe, mtindo uwe wa kupendeza. Fakihi akatii. Hakukosea chochote alichoambiwa.

Ubaya hauishii hapo. Jaribio nalo aliliandika yeye, kutoka kwenye sentensi hiyo hiyo aliyoipamba. Jaribio linauliza: je, mlango umeshindikwa? Ndiyo, umeshindikwa. Taa ya kijani. Yaani amejitungia swali, akajijibu, akajipa maksi zote, na sisi tukapiga makofi. Na kiwanda cha nchi nyingine kimekwisha kuunda kile kisanduku kinachoruhusu hewa, kwa kufuata neno la mapambo. Mwezi ujao ndege inajazwa hewa mara ya kwanza, ikiwa bado chini, na mafundi wako ndani yake.

Chini ya kitabu iko sahihi yangu. Niliitia Ijumaa, wenzangu wote wamekwenda kula kuskusi, nami nina njaa. Nilikisoma? Nilikipitia. Kilikuwa kinasomeka vizuri mno, babu, macho yaliteleza kama kwenye sabuni.

Nikaenda kwa Sekkat.

"Bi Itto, kurudia neno moja mara tatu katika ukurasa ni uandishi wa mtoto wa darasa la pili."

"Ndege ni ya darasa la ngapi?"

"Punguza sauti. Nilisema kiandikwe vizuri. Sikusema kiandikwe uongo."

"Hakikuandikwa uongo. Kimeandikwa vizuri. Ndilo tatizo lenyewe."

Akafunga mlango. Akaanza kusema nami kama baba. Anataka tulibadilishe neno kimya kimya kwenye toleo lijalo, bila kumwarifu mwenye ndege, kampuni iliyotuagiza kazi, ili tarehe zisivurugike. Kile kisanduku atakishughulikia "baadaye". Na ameniandalia karatasi ya kutia sahihi, inayosema kwamba neno "umeshindikwa" nililichagua mimi. "Wewe bado kijana," akasema, "kosa la kijana halikai." Yaani kioo avunje yeye, lawama nichukue mimi, kama wewe na kile cha Fes.

Amenipa mpaka wiki ijayo.

Itto


Azrou, 19 Novemba

Itto,

Tia sahihi.

Nimekaa na barua yako tangu Bassou alipoileta, chai imepoa, na nasema tia sahihi. Kwani sahihi ni nini? Mkwaruzo wa wino. Mimi nimetia sahihi na dole gumba kwenye karatasi nyingi nisizozisoma, za serikali na za msikiti na za mkwe wangu wa kwanza, na bado nakula supu ya bisara asubuhi na mafuta ya zeituni juu yake.

Nina hasira na wewe, sitaki kuficha. Bibi yako amefuma mazulia mpaka vidole vimepinda kama mizizi, ili wewe ukae kwenye kiti kinachozunguka. Leo unataka kukirusha kiti dirishani kwa ajili ya neno. Neno! Mlango umeshindikwa, mlango umekomewa, hao mafundi wenu hawana macho? Hakuna mtu mmoja mwenye akili atakayepita pale akausukuma kwa bega?

Huyo Sekkat ni mbwa, nakubali. Nikikutana naye nitamrekebishia Kifaransa chake kwa kiatu. Lakini mbwa ndiye mwenye mfupa. Andika anachotaka, umtukane moyoni, kama tulivyofanya sisi sote. Kioo nilikubali mimi, nikanuniwa na bibi yako majira yote ya mvua, nilikufa?

Halafu fikiria na mimi. Kinyozi amemwambia mwenye mkahawa, mwenye mkahawa amemwambia mkuu wa shule. Shuleni wamekuchora ukutani. Una mabawa.

Haddou


Casablanca, 24 Novemba

Babu,

Ndiyo. Kwa ajili ya neno.

Unauliza kama hakuna mtu wa kuusukuma kwa bega. Hakuna. Ndiyo kazi yenyewe. Rubani amekaa mbele na mlango uko nyuma, chini, anachokiona ni taa tu. Taa inamwambia kile ambacho sentensi iliiambia taa. Bega ni mimi. Nami siku ile bega langu lilikuwa na njaa ya kuskusi.

Ulikivunjia kioo heshima kwa kukileta hapa. Ulinichukulia lawama mimi mtoto, kwa kioo. Hakuna aliyekuwa anapumua nyuma ya kile kioo.

Karatasi ya Sekkat sikuitia sahihi. Nimefanya zaidi ya hapo: nimeiondoa sahihi yangu kwenye kitabu cha milango, kwa maandishi, na nakala nimeipeleka kwa wakaguzi wa usalama wa mwenye ndege, neno kwa neno, pamoja na yale maagizo ya mtindo. Sekkat alipiga kelele mpaka wa chumba cha pili wakazima redio. Aliniita mtoto wa mlimani. Nikamwambia ndiyo, na kwetu mlimani hata nyani wanajua tofauti. Wamechukua kadi yangu ya getini. Nimesimamishwa kazi mpaka nitakapoitwa, kama nitaitwa.

Nimekaa chumbani naangalia ukuta. Sijui kama wakaguzi wameisoma barua yangu au imekaa chini ya kikombe cha mtu. Jaribio la hewa halijaahirishwa.

Wewe uliniambia nitie sahihi. Sitasahau haraka.

Msomee bibi barua hii kama ilivyo. Nataka ajue kutoka kwangu.

Itto


Azrou, 3 Desemba

Kwa Itto mpenzi, mtoto wa binti yangu,

Mimi bibi yako Tuda ndiye nisemaye, anayeandika ni Rkia wa duka la dawa. Nimekuja kununua dawa ya magoti, nikasema mwanangu, una kalamu, niandikie salamu zangu, maana babu yako kila nikimwambia andika anasema wino umeganda.

Hongera. Hongera tena. Babu yako alinisomea kwamba huyo bosi wako Sekkat amekupa likizo ndefu kwa kazi nzuri, na kwamba alipiga kelele za furaha mpaka watu wa chumba cha pili wakazima redio wamsikilize. Mungu ambariki. Namfumia zulia dogo la kuswalia. Niambie anapenda rangi gani.

Nimefurahi pia kwamba umenenepa.

Kitu kimoja kimenisumbua. Babu yako alisema kwamba barua yako ilieleza ya mlango, na kwamba mlango wenu ni mzuri. Nikamwuliza ni mzuri vipi, unashindikwa au unakomewa? Akasema Itto hakuandika. Nikasema Itto wangu? Haiwezekani Itto wangu asiandike hilo. Akakohoa, akatoka nje kwenye theluji bila kofia.

Rkia anacheka, sijui kwa nini. (Dada Itto, ni mimi Rkia. Sicheki. Nimemwona babu yako akiisoma ile barua mbele ya duka, uso ulikuwa kama wa mtu aliyemeza kijiti.)

Likizo yako njoo huku. Nitachinja kuku.

Bibi yako,
Tuda


Casablanca, 7 Desemba

Babu,

Zulia la kuswalia!

Bibi anakaa na yale magoti yake, na vile vidole, anamfumia Sekkat zulia! Na ananiuliza rangi!

Nilikuomba kitu kimoja. Kama ilivyo, nilisema. Ukachukua "nimesimamishwa kazi" ukaifanya "likizo". Ukachukua kelele za mtu anayenitukana ukazifanya za furaha. Unajua wewe ni nani? Wewe ndiye Fakihi. Wa umeme ana udhuru, aliamrishwa apendeze. Wewe nani alikuamrisha?

Nimekaa hapa nikijipa moyo kwamba yupo angalau mtu mmoja duniani anayejua nilichofanya na kwa nini. Kumbe mtu huyo anajua tu kwamba mlango wetu ni mzuri.

Na hivi ndivyo watu wanavyokufa, kama ulikuwa hujui. Si kwa mtu mbaya. Kwa msomaji mwema anayeruka mahali panapouma.

Usinijibu mpaka umemsomea barua zote upya, tangu ya kwanza. Na hii pia. Na hapo nilipokuita Fakihi usipite bila kusimama.

Itto


Casablanca, 26 Desemba

Kwa bibi yangu Tuda. Isomwe na Rkia, si na mtu mwingine.

Bibi,

Rkia amenipigia simu, akaniambia kwamba sasa umesikia yote, na kwamba hukulia, uliuliza tu kama nimekula. Nimekula. Na sijanenepa.

Nimeitwa. Wakaguzi walikuja wenyewe, watatu, wenye makoti marefu. Barua yangu haikuwa chini ya kikombe. Walituita sote kule kwenye banda, mbele ya ndege. Sekkat alieleza kwa nusu saa nzima, Kifaransa chake kama asali, mtindo, visawe, bidhaa ya kisasa, kijana mwenye jazba. Mmoja wao akanigeukia, akaniuliza nina la kusema.

Bibi, nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Yote yakanitoka. Nikamgeukia fundi aliyesimama mlangoni nikamuuliza swali lako: "Mmeushindika au mmeukomea?"

Akasema, "Tumeufunga."

"Sikukuuliza kama mmeufunga."

Akaenda kuangalia. Akarudi rangi imemtoka. Mlango ulikuwa umeshindikwa tu, makomeo yako nje yote, na kwenye meza ya majaribio taa ilikuwa ya kijani, inasema tayari, jazeni hewa. Halafu Sekkat akakohoa akasema, "Ndicho nilichokuwa nikikihofia tangu mwanzo."

Jaribio limeahirishwa. Kisanduku kinaundwa upya. Fakihi hakufukuzwa, na sikutaka afukuzwe; atatafuta yanayogongana, hilo analiweza kuliko sisi, lakini hatagusa neno, na majaribio yataandikwa na mtu, si na yeye. Mimi wamenipa chumba kisicho na dirisha niandike kamusi ya ofisi: kila kitu neno moja, lisilobadilishwa, hata likichosha masikio. La kwanza nililoliandika unalijua.

Usidhani nimeridhika. Ripoti inasema "kasoro iligunduliwa na timu". Timu! Sekkat yuko kwenye kiti chake. Hakuna aliyeniambia samahani, na yule aliyezima redio siku ile hanisalimii mpaka leo. Lakini kitabu kipya cha milango nilikisoma sentensi kwa sentensi, kwa sauti, kama mwendawazimu, nikiwa nimeshiba. Kisha nikatia sahihi.

Zulia usimpe Sekkat. Nitalichukua mimi. Jekundu.

Kuhusu babu, fanya unavyoona inafaa. Sikuandika lazima.

Itto wako


Azrou, 2 Januari

Kwa Itto, mwandishi wa kamusi,

Unafurahi? Furahi. Naandikia nyumbani kwa Bassou dereva, chumba cha matairi, mwenzangu wa chumba ni mbuzi mwenye mafua.

Nilimsomea bibi yako barua zote upya, kama ulivyoamuru, mbele ya Rkia aliyekuwa akinichungulia begani kama askari. Nilisimama kwenye Fakihi. Nilisimama hata mahali ambapo hukuniambia nisimame. Bibi yako alisikiliza mpaka mwisho, akafumua lile zulia mpaka kwenye herufi ya kwanza ya jina la Sekkat, kumbe alikuwa ameanza kumwandika jina kwa kufuatisha herufi alizochorewa. Siku nyingi alininunia. Ilipokuja ile ya kwako ya chumba kisicho na dirisha, iliyosomwa na Rkia huku mimi nimesimama uani kama mdaiwa, nikamsikia anacheka pale kwenye swali la fundi. Nikasema haya, yamekwisha. Nikatoka kidogo kwenda kwa kinyozi. Niliporudi theluji inanipiga, nikasukuma mlango kwa kidole. Halafu kwa bega.

"Tuda, baridi."

"Naisikia."

"Umeukomea?"

"Hilo swali ni langu, Haddou."

Mchana mweupe, majirani wanapita! Mkuu wa shule akanisalimia kwa heshima, akauliza mjukuu wako wa ndege hajambo? Nikamwambia hajambo, amesimamishwa kazi, amerudishwa, na babu yake ni mwongo. Akadhani ni utani. Nimerudi tena kwa kinyozi nimemwambia injini hukufunga hata moja, unaandika sentensi. Akasema, sentensi tu? Nikamkasirikia nikamwambia sentensi tu mama yako, nikaondoka nusu ya kichwa haijanyolewa. Ndivyo nilivyo sasa hivi ninapokuandikia.

Hasira yangu na Sekkat ipo pale pale, na kiatu nimekiweka. Na hasira yangu na wewe ipo pia, usidhani. Kuniita Fakihi, mimi niliyechapwa nyayo! Lakini nimeifikiria sana hapa na mbuzi. Nilipokuwa nabadilisha maneno yako nilikuwa naona uso wa bibi yako unang'aa, nikasema ah, kumbe naweza, nikaongeza kidogo. Kisha kidogo tena. Ni tamu, Itto. Huyo Sekkat wenu namwelewa vizuri kuliko ninavyotaka. Na pale niliposema tia sahihi, niliogopa. Sikuwa na sababu nyingine. Zile nyingine nilizitafuta baadaye.

Sasa tuje kwenye kioo cha Fes. Nilisema nimeweka, leo natoa. Kioo nilikubali mimi, mpira ulipiga wewe, na tangu siku ile hujanilipa hata kwa kunikuna mgongo. Nakuomba jambo dogo. Mwandikie bibi yako sentensi moja. Wewe ndiyo kazi yako. Usiipambe, na usitafute kisawe. Andika: lazima mlango ushindikwe tu mpaka Haddou awe ameingia. Baada ya hapo aukomee atakavyo.

Wala usiandike "inafaa", namjua, atakuwa na hiari. Andika lazima. Na tia sahihi.

Mpe Bassou mkononi, anapanda huku Jumamosi. Bibi yako asomewe na Rkia, mimi siaminiki.

Babu yako, nje ya mlango,
Haddou